Kurasa za Majibu

Wiki iliyopita nilisimama katika duka moja la fotokopi pale Al Sadd, hapa Doha, nikingoja nakala za vyeti vyangu. Mwenye duka aliponikabidhi rundo la karatasi zikiwa bado na joto, harufu yake iliniingia puani kabla sijazipokea vizuri. Karatasi iliyotoka kwenye mashine ina harufu yake, kama nguo iliyopigwa pasi muda huu huu, na wino kwa mbali. Nilijikuta nimeziweka shavuni, mtu mzima mimi, mbele ya foleni ya watu. Wale mliolelewa ugenini na mama anayesoma mezani baada ya zamu mtanielewa. Kwangu harufu ile ni ya mwaka nilioshika majibu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikaa Al Thumama, ghorofa ya tatu, karibu sana na uwanja wa ndege. Ndege ikipaa, vioo vya dirisha vilitetemeka, nasi tulinyamaza katikati ya sentensi kisha tukaendelea palepale tulipoachia. Baba alikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni ya ujenzi. Mama alikuwa nesi. Yaani kwa vyeti alivyotoka navyo Machakos alikuwa nesi, lakini katika kliniki iliyomwajiri hapa alikuwa msaidizi tu, wa kutandika vitanda, kusukuma viti vya magurudumu na kuita majina ya wagonjwa mlangoni. Ili wampandishe, alitakiwa kufaulu mtihani wa Kiingereza. Alikuwa ameshaufanya mara moja, akaanguka sehemu ya kusoma.

Hilo la kusoma ndilo lililomuuma. "Mimi Kiingereza nimekisoma tangu nasari," alikuwa akimwambia Baba huku akimenya vitunguu kwa hasira. "Heri ningeanguka kuongea. Kusoma? Kwani sijui kusoma?"

Mlango wa pili kutoka kwetu alikaa Anti Lin. Alikuwa Mchina mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na alitembea haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni. Mumewe alikuwa mhandisi. Yeye na Mama walikutana ndani ya lifti, kila mmoja ameshika fomu ya mtihani uleule. Wakazitazama zile fomu, wakatazamana, wakacheka. Kabla lifti haijafika ghorofa ya tatu walikuwa wameshakubaliana kusoma pamoja. Walizungumza Kiingereza, cha Mama kikikimbia na cha Anti Lin kikipiga hatua moja moja, na hakuna aliyeonekana kuchoka na mwenzake.

Anti Lin alikuwa na kitabu alichokuja nacho kutoka kwao, kinene kama tofali, kilichoandikiwa Wachina wanaojifunza Kiingereza. Kila baada ya kurasa mbili palikuwa na habari fupi ya historia au utamaduni wa mahali fulani duniani, maneno magumu yameelezwa kwa Kichina pembeni, na chini yake maswali kumi. Mama alikipeleka kwenye fotokopi akarudi na nakala yake. Usiku ule sebule yetu yote ilinukia karatasi.

Kulikuwa na shida moja. Majibu yalikuwa nyuma ya kitabu, na Mama alikiri mwenyewe kwamba macho yake hayana adabu. Anti Lin akachukua makasi, akazikata kurasa zote za majibu, za kitabu na za nakala, akazibana kwa pini, akanikabidhi mimi kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi.

"Wewe mkaguzi," aliniambia. "Usimpe mama yako. Usinipe mimi. Hata tukilia."

Sijawahi kupewa cheo kikubwa kama kile tangu siku hiyo. Nilizificha zile kurasa ndani ya foronya ya mto wangu. Saa kumi na moja jioni, Mama akishatoka kazini na kuoga, tulikaa mezani. Anti Lin alileta kisaa chake cha jikoni chenye umbo la kuku. Mimi nilikizungusha na kusema "Anzeni!" Kuku yule alikuwa akitetemeka na kutoa mlio wa tiki-tiki, na wanawake wawili wazima wakiinamia karatasi kama watoto wa darasa langu. Kuku akilia, kalamu chini! Nilikusanya karatasi, nikaenda chumbani kusahihisha kwa kalamu nyekundu, nikarudi nikitembea polepole ili wateseke kidogo.

Na zile habari zenyewe! Shuleni historia ilikuwa majina ya kukariri. Hapa palikuwa na watu wa milimani, huko Amerika Kusini, waliopokezana habari kwa mbio, kila mmoja akikimbia kipande chake, na hesabu zao zimehifadhiwa katika nyuzi zenye mafundo. Nilichukua uzi wa kushonea, nikaufunga mafundo, nikakimbia nao ukumbi mzima wa ghorofa ya tatu hadi jirani mmoja akafungua mlango kunigombeza. Palikuwa na wapiga mbizi wa lulu wa Ghuba hii hii tunayokaa, waliobana pua zao na kushuka na jiwe mguuni. Nilijaribu kubana pumzi kama wao, nikaona nyota. Palikuwa na viazi. Kitabu kilisema watu wa Ulaya walipoletewa viazi mara ya kwanza wengi walivikataa, wakidhani vina sumu. Swali likauliza iwapo wengi walivipokea kwa furaha. Mama akaandika Kweli.

"Mama, si kweli!" nilimwambia.

"Mwende, nani duniani anakataa waru?" Mama aliuliza, na Anti Lin akacheka hadi akavua miwani.

Huo ndio uliokuwa ugonjwa wa Mama, ingawa sikuuelewa wakati ule. Maswali mengi yalikuwa na majibu matatu ya kuchagua. Kweli, ikiwa habari imesema hivyo. Si Kweli, ikiwa imesema kinyume. Haikutajwa, ikiwa haikusema lolote, hata kama wewe kichwani mwako unajua. Mama alisoma mbio, kisha akajibu kwa mambo aliyoyajua yeye. Anti Lin hakujua maneno mengi, lakini kila jibu alilitafutia mstari wake. Alitumia rula. Mama alikuwa akipata tano, sita. Anti Lin alianza na nne na kila wiki alipanda.

Kisha nikasikia ile simu.

Mama alikuwa jikoni akiongea na dada yake wa Machakos, simu ameibana kwa bega, akikoroga mboga. Nilikuwa napita kwenda kunywa maji. "Imebaki nafasi moja tu," alisema. "Ni mimi ama Lin. Mkataba wa Baba Mwende unaisha, na wakifunga huo mradi, mimi nisipopandishwa tunarudi nyumbani sote. Sijui itakuwaje, dada. Sijui."

Nilirudi chumbani bila kunywa maji. Niliketi kitandani nikaielewa dunia yote kwa mara moja, jinsi mtoto anavyoielewa. Kliniki ilikuwa na nafasi moja ya nesi. Mama aliitaka, Anti Lin aliitaka. Ndiyo maana walikuwa wakisoma. Yule mwanamke aliyekaa mezani kwetu akila maandazi ya Mama ndiye angetupandisha ndege ya kurudi, na mimi ningeacha shule yangu na chumba changu. Sikumuuliza mtu. Sikuona la kuuliza.

Jioni iliyofuata nilisahihisha kama kawaida hadi swali la nne. Hapo Mama alikuwa amekosa. Nikaweka vema. Niliitazama ile kalamu nyekundu kana kwamba ingepiga kelele. Kisha nikachukua karatasi ya Anti Lin, nikatafuta jibu sahihi, nikalipiga mkasi, ile alama ya kosa. Na jingine. Mama akapata nane, Anti Lin tano.

Mama aliruka kutoka kitini. "Nane! Lin, umeona? Nane!"

Anti Lin alimpigia makofi, kwa moyo wote. Nami, nisiwadanganye, nilifurahi mno. Nilijiona kama jasusi. Kwa wiki nzima na nusu nilifanya hivyo, Mama akipanda hadi tisa, Anti Lin akishuka hadi nne, nami kila jioni nikitoka chumbani na karatasi mbili za uongo. Mama alianza kuimba akiosha vyombo. Alianza kumaliza kabla ya kuku kulia, akaegemea kiti, akinitazama na kunikonyeza. Anti Lin alizidi kuwa mpole na mzito. Alipigia mstari kila sentensi, mara mbili, mara tatu.

Siku moja habari ilikuwa ya karatasi, jinsi Wachina wa kale walivyoitengeneza kwa magome ya miti, matambara na nyavu kuukuu. Swali lilidai kwamba watengenezaji wake walikuwa watu wenye heshima kubwa. Anti Lin aliandika Haikutajwa. Ilikuwa sahihi. Nilimpiga mkasi.

Alipitisha rula yake juu ya habari ile kwa mara nyingine. "Mwende. Mstari gani unasema walikuwa na heshima?"

"Kitabu kimesema," nilijibu.

"Nimesoma mara tano. Sioni."

"Majibu ndiyo yanasema hivyo, Anti."

Nilingoja aniombe zile kurasa. Hakuomba. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akasema, "Sawa. Kitabu kinajua." Kisha akakusanya vitu vyake akaenda kwao mapema, akamsahau kuku wake mezani.

Ilipofika Jumatano, tukiwa tunakula chakula cha jioni, Mama alimgeukia Baba na uso wa mtu aliyebeba habari tangu asubuhi. "Lin ameniachia," alisema.

"Amekuachia nini?"

"Kiti. Si nilikuambia Jumamosi hii kwenye chumba cha mtihani kulibaki nafasi moja, na inayofuata ni mwezi ujao? Tumekuwa tukisukumana, chukua wewe, hapana chukua wewe. Leo ameniita mlangoni ameshaniandikisha mimi. Eti kliniki yangu haitangoja lakini yeye atajaribu kuwasihi wa makumbusho wamngoje."

"Makumbusho gani?" niliuliza.

"Si anataka kazi ya kuzungusha wageni kwenye makumbusho. Kwao alikuwa mwalimu wa historia, hukujua?"

Sikujua. Nilikuwa nimekaa naye meza moja miezi miwili na sikujua. Ndege ikapaa, tukanyamaza wote jinsi tulivyozoea, na katika mtetemo ule wa vioo nilifahamu mambo mawili, moja nyuma ya jingine. La kwanza, nilimwibia mtu aliyetupa kiti chake. La pili lilikuwa zito zaidi. Jumamosi Mama ataingia katika chumba kile akijiamini kwa tisa ambazo hakuzipata.

Alhamisi nilitoka kwenye basi la shule nikapita mlango wetu moja kwa moja, nikabisha kwa Anti Lin nikiwa bado na begi mgongoni na zile kurasa mkononi. Alipofungua, nilianza kulia kabla ya salamu. Nilimwambia yote pale pale mlangoni, mkasi, vema, simu, nafasi moja. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akachuchumaa macho yake yakawa sawa na yangu.

"Mama yako alisema nafasi ya kazi?"

Nikafikiri. "Alisema nafasi."

"Alisema mimi nataka kazi yake?"

"Hapana."

"Alisema mmoja wetu lazima aanguke?"

"Hapana, Anti."

"Basi," akasema polepole, akinipangusa pua kwa kidole gumba, "jibu ni lipi?"

Nililia zaidi, lakini nililitoa. "Haikutajwa."

Nilidhani atanikasirikia. Alinyoosha magoti, akashusha pumzi ndefu, na nilipoinua uso nilimwona anatabasamu kama mtu aliyetua mzigo. "Siku ya karatasi," alisema, "nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu, kichwa changu kimekufa, sioni tena maneno. Sasa ninajua macho yangu ni mazima." Hilo tabasamu lilinichoma kuliko kofi. Halafu likatoweka ghafla. "Mama yako! Jumamosi!" Akanishika mkono, tukakimbia hatua kumi za ukumbi ule kana kwamba jengo linaungua.

Mama alikuwa ndio anavua viatu. Anti Lin alisimama nyuma yangu, mikono yake mabegani mwangu, nami nikarudia yote kwa Kiswahili. Uso wa Mama ulipita rangi nisizozijua. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alinyoosha mkono, "Leta hizo karatasi," akaketi na viatu vyake pembeni, akasahihisha upya kazi zake zote za siku zile, mwenyewe, kwa kalamu ileile nyekundu. Tisa ikawa tano. Nane ikawa nne. Nilikuwa nikisikia kalamu ikikwaruza.

"Woi," alisema alipomaliza. "Lin, mimi nimekwisha. Chukua kiti chako."

"Sitaki."

"Chukua, bado unaweza kupiga simu leo."

"Sikiliza," Anti Lin alisema, na kwa mara ya kwanza Kiingereza chake kilikimbia kuliko cha Mama. "Wewe maneno unayajua yote. Mimi ningejua maneno yako, ningepata kumi kila siku. Wewe una shida moja. Unajibu kitabu kingine, kilicho kichwani mwako. Tuna leo na kesho." Akamsukumia rula.

Ijumaa ile haijanitoka. Baba alipika, jambo lililokuwa sinema tosha. Meza ilifunikwa karatasi, dirisha lilifungwa kuzuia joto la nje, na wanawake wawili na mtoto mmoja tuliizunguka dunia kutoka asubuhi hadi magharibi. Hakukuwa na kuku wala kuficha majibu. Kurasa za majibu zililala mezani wazi, na Anti Lin alitusomea maelezo ya Kichina akituambia kwa nini jibu ni hili. Mama akitaja jibu, mimi na Anti Lin tulipiga meza kwa pamoja, "Mstari gani?" Mwanzo alikasirika. Alimtetea farao mmoja kwa nusu saa kwa mambo aliyoyasikia kanisani, nasi tukapiga meza, mstari gani, mstari gani! Saa tisa alianza kucheka mwenyewe kila alipojikuta akitoka nje ya habari. Saa kumi na moja alisoma habari ya wanaastronomia wa Baghdad, rula ikishuka taratibu, akajibu maswali kumi, na kwenye swali la saba akainua kichwa.

"Hii najua ni kweli," alisema. "Najua kabisa. Lakini hawajaitaja."

Anti Lin alisimama akanyanyua mikono juu kama mchezaji aliyefunga goli. Mimi nilipanda juu ya kiti. Tuliruka watatu hadi jirani wa chini akagonga dari.

Jumamosi tulimsindikiza. Alitoka saa mbili baadaye, macho mekundu, akasema hajui, hajui, hajui. Tukakaa na hilo hajui siku kumi na tatu. Kisha jioni moja Baba alifungua barua pepe, Mama akisimama nyuma ya kiti chake na vidole masikioni kana kwamba matokeo yangelipuka. Aliinama kusoma, na ndege ikapaa wakati huo huo, ikafunika kila kitu. Nikaona mdomo wa Mama umefunguka wote, mikono imetupwa juu, Baba ameruka, na sikusikia chochote isipokuwa ngurumo. Ilipopita Mama alikuwa ameshatoka ukumbini bila viatu, akigonga mlango wa pili kwa viganja vyote viwili.

Alivaa sare ya nesi mwezi uliofuata. Sisi tukabaki Doha, na mimi nipo hapa hadi leo.

Anti Lin alifanya mtihani wake kwa wakati wake, akampita Mama alama, jambo ambalo Mama alijifanya kulinunia kwa siku mbili. Lakini watu wa makumbusho hawakungoja, walikuwa wameshamchukua mwingine. Hilo nililibeba. Kila nilipomwona akienda sokoni na mfuko wake nilitaka kumwomba msamaha upya, naye kila mara aliniuliza habari za shule. Miezi ilipita. Kisha yule mwingine akaondoka nchini, wakampigia simu, akaja kwetu amevaa koti jipya la samawati la makumbusho kutuonyesha, akigeuka geuka mbele ya kioo chetu kwa sababu chake kilikuwa kifupi.

Siku yake ya kwanza mimi na Mama tulikwenda bila kumwambia. Tulimkuta mbele ya kundi la wageni, wengine Wachina, wengine wa kila mahali, akiwaonyesha vibanio vya pua vya wapiga mbizi, akieleza kwa Kiingereza kisha kwa Kichina, mgongo umenyooka. Sikuwahi kumsikia akiongea vile. Alisema maneno marefu bila kuyaogopa. Tulijificha nyuma ya mwanamume mrefu, lakini alituona. Akasimamisha maelezo katikati.

"Samahani," aliwaambia wageni wake. "Leo tuna mgeni mkubwa. Yule binti pale nyuma ndiye aliyenisahihishia Kiingereza. Katika Doha nzima hakuna mkaguzi mkali kama yeye."

Watu wote wakageuka kunitazama, wengine wakapiga makofi. Uso wa Anti Lin haukuonyesha kitu, umetulia kama wa hakimu. Nilitamani sakafu ile inayong'aa inimeze, na papo hapo nilifurahi kupita kiasi. Mama alijaribu kujizuia. Aliziba mdomo kwa mkoba, mabega yakimtikisika, kisha kicheko kikamponyoka, kikubwa, kikagonga kuta zote za ukumbi ule wa kimya, na askari wa mlangoni akaanza kuja upande wetu.